Kizuizini Bila Kikomo: Kisa cha Mtu Asiye na Uraia Mbele ya Mahakama za Australia

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kweli. Mhusika mkuu tunamwita Bwana M. Jina lake, nchi aliyozaliwa na mambo yake binafsi nimeyaondoa. Mahakama, sheria, majaji na miaka nimeviacha, kwani bila hivyo hatutakuwa na cha kuchambua.

Nimewaandikia wasaidizi wa kisheria na wanafunzi wa sheria, kwa sababu ya swali moja lisiloisha darasani: nchi yenye uchaguzi huru, magazeti huru na majaji wasioingiliwa, ina haja gani ya hati ya haki, yaani orodha ya haki za mtu, ndani ya katiba? Australia ndiyo nchi ya kuitazama. Ni demokrasia isiyo na hati ya haki ya kitaifa mpaka leo, wala si nchi ambayo mtu ataidharau kwa kukosa utawala wa sheria.

Usuli

Katiba ya Australia ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1901. Haki zilizomo ni za kuokoteza: serikali ya shirikisho ikitwaa mali ya mtu imlipe kwa haki, Bunge lisianzishe dini ya taifa, na nyingine chache. Ibara inayosema kwamba mtu asinyang'anywe uhuru wake bila sababu ya haki haimo. Na wala si kwamba waandishi walisahau. Katika mkutano wa kuandika katiba mwaka 1898 lilijadiliwa pendekezo la usawa mbele ya sheria, lililotokana na rasimu za Andrew Inglis Clark wa Tasmania. Lilikataliwa, na mojawapo ya hoja zilizotolewa wazi ni kwamba lingezifunga mikono serikali za majimbo zilizotaka kuendelea kuwabagua wafanyakazi wa Kichina. Mwaka 1988 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama haki chache ziongezwe. Waliosema ndiyo hawakuzidi sana 30%.

Watetezi wa mfumo huo wana hoja ya maana. Wanasema Bunge linaogopa wapiga kura, mahakama zina mila ya karne nyingi ya kulinda uhuru wa mtu, na ukiwapa majaji orodha ya haki zenye maneno mapana utawageuza wanasiasa wasiochaguliwa. Msomaji wa Tanzania ataitambua lugha hii: Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 bila hati ya haki, kwa hoja zinazokaribiana na hizo, na mwaka uliofuata tu ikapitishwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini.

Tatizo la hoja ya wapiga kura linaonekana pale mhusika anapokuwa mtu asiye na kura. Mwaka 1992 Australia iliweka sheria ya kuwazuilia kwa lazima watu waliofika kwa mashua bila viza. Sheria hiyo ya kwanza ilikuwa na kikomo cha siku 273. Marekebisho yaliyofuata, yaliyoanza kutumika mwaka 1994, yalikifuta kikomo hicho na kumtaka ofisa amzuilie kila mgeni asiye na viza. Kuanzia hapo mtu alipaswa kukaa kizuizini hadi apewe viza au aondolewe nchini, na kuondolewa kwenyewe kulitakiwa kufanyika mapema kadiri inavyowezekana. Anayeweka kizuizini si hakimu. Sheria yenyewe inatosha.

Mwaka huohuo wa 1992 Mahakama Kuu ya Australia (ambayo licha ya jina lake ndiyo ya mwisho, kama Mahakama ya Rufani kwa Tanzania) iliukubali utaratibu wa kuwazuilia wageni, lakini kwa sharti. Kumfungia mtu ni adhabu, ikasema, na adhabu ni kazi ya mahakama, siyo ya serikali; mgeni anaweza kuzuiliwa na serikali pale tu kizuizi kinapohitajika ili ombi lake lishughulikiwe au aondolewe. Hoja mojawapo iliyowatuliza majaji ni kwamba mlango wa kutoka ulikuwa mikononi mwa mzuiliwa mwenyewe: akichoka, aombe kurudishwa kwao, na kizuizi kitakwisha.

Weka hoja hiyo akilini. Bwana M aliifuata neno kwa neno.

Kilichotokea

Bwana M alizaliwa katika nchi mojawapo ya Ghuba kwa wazazi Wapalestina. Nchi ile hutoa uraia kwa kufuata damu ya baba, kwa hiyo kuzaliwa pale hakukumpa chochote zaidi ya kibali cha kuishi. Msomaji wa pwani ya Kenya hahitaji maelezo marefu hapa: Wamakonde wa Kwale waliishi vizazi kadhaa bila kitambulisho mpaka walipotambuliwa kuwa raia mwaka 2016. Tofauti ni kwamba wao walikuwa nyumbani, wakati Bwana M alikuwa mbali na kila mahali ambapo mtu angeweza kumwambia karibu.

Alifika Australia kwa mashua mwishoni mwa mwaka 2000, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akazuiliwa. Mapema mwaka 2001 aliomba viza ya ulinzi kama mkimbizi. Ombi likakataliwa, baraza la mapitio likakubaliana na ukataaji huo, na mahakama hazikuona kosa la kisheria la kuutengua. Hadi hapa hakuna cha ajabu. Kukosa uraia peke yake hakumfanyi mtu kuwa mkimbizi. Lazima awepo anayemtesa kwa sababu zinazotambuliwa na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951.

Agosti 2002 aliandika barua kwa waziri akiomba aondolewe Australia. Alitaja anakotaka kupelekwa: nchi aliyozaliwa, na ikishindikana, Gaza. Barua hiyo ndiyo karatasi muhimu kuliko zote katika jalada lake. Kwa kuiandika alikuwa ameacha kupigania kubaki. Alichotaka ni kutoka, popote.

Maofisa walijaribu. Walibisha hodi kwa nchi alikozaliwa, kwa Misri, Yordani na Syria, na kuhusu maeneo ya Wapalestina ilibidi waulize Israeli, kwa kuwa ndiyo inayoshika njia ya kuingilia. Hakuna aliyekubali kumpokea. Barua ziliendelea kwenda, na miezi ikaendelea kupita huku yeye yuko nyuma ya uzio.

Maamuzi ya mawakili, na sababu zake

Mawakili wake walikuwa na njia tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa kulalamikia mazingira ya kizuizini, na vituo vya jangwani Australia Kusini vilikuwa na sifa mbaya ya kutosha. Waliiacha, na matokeo yakawaunga mkono: katika kesi nyingine iliyoamuliwa siku moja na ya Bwana M, Mahakama Kuu ilisema ubaya wa mazingira hauhalalishi kutoroka, kwani kizuizi kinabaki kuwa halali.

Ya pili ilikuwa kwenda Umoja wa Mataifa. Australia iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1980, na mwaka 1997 Kamati ya Haki za Binadamu ilikwisha kusema, katika kesi ya mtu kutoka Kambodia aliyekaa kizuizini zaidi ya miaka minne, kwamba kizuizi cha namna hiyo ni cha kionevu. Lakini maoni ya Kamati hayamfungulii mtu lango. Ndani ya Australia mkataba hauwi sheria mpaka Bunge liutungie sheria, na serikali iliyapokea maoni yale kwa kutokubaliana nayo.

Ikabaki njia ya tatu: kurudi kwenye sheria yenyewe. Hoja waliipanga kwa ngazi mbili. Kwanza, sheria isomwe kwamba inaruhusu kizuizi maadamu kuondolewa kwa mtu kunawezekana ndani ya muda unaoonekana. Pili, kama haisomeki hivyo, basi inavunja Katiba, kwa kuwa kizuizi kisicho na mwisho ni adhabu, na adhabu hutolewa na mahakama. Angalia kwamba hakuna popote waliposema mteja wao ana haki ya uhuru. Katiba haikuwapa maneno hayo. Walilazimika kubishana kuhusu mihimili ya dola, nani ana mamlaka gani, na mtu mwenyewe akawa kama shahidi katika ugomvi wa wakubwa.

Jaji wa kwanza kusikiliza, katika Mahakama ya Shirikisho, alitoa uamuzi Aprili 2003. Kwenye ukweli wa mambo alikubaliana na Bwana M moja kwa moja: hakuna matarajio ya kweli ya kumwondoa katika kipindi kinachoonekana. Kisha akaitupa kesi, kwa kuwa kwa maoni yake sheria haikuhitaji matarajio hayo yawepo. Siku chache baadaye jopo la rufaa la mahakama hiyohiyo, katika kesi ya mtu mwingine wa hali kama yake, likaamua kinyume na huyo jaji. Kwa msingi wa uamuzi huo Bwana M aliachiwa kwa amri ya muda, serikali ikiridhia, huku rufaa yake ikihamishiwa Mahakama Kuu.

Hukumu

Hukumu ilisomwa tarehe 6 Agosti 2004. Majaji wanne kwa watatu: Bwana M ameshindwa.

McHugh, Hayne, Callinan na Heydon waliona maneno ya sheria hayana utata. Mtu azuiliwe hadi aondolewe, na kama hajaondolewa bado, basi bado. Jaji Hayne alieleza kwamba kushindwa kumwondoa mtu leo hakuthibitishi kuwa haitawezekana kamwe. Dunia hubadilika, serikali hubadilika, mipaka hufunguka. Kuhusu Katiba, walio wengi walisema kizuizi hiki si adhabu kwa kuwa lengo lake ni kumtenga mgeni na jamii mpaka aondoke. Jaji McHugh hakuficha kwamba hali ya mtu huyu ni ya kusikitisha mno, ila akasema mahakama haiko pale kupima kama sheria ya Bunge ni ya haki au ya busara.

Upande wa pili, Jaji Mkuu Gleeson alitumia kanuni ya zamani kabisa: mahakama haidhani kwamba Bunge limekusudia kufuta uhuru wa mtu mpaka Bunge liseme hivyo bila kumung'unya. Sheria hii ilinyamaza kuhusu mtu asiyeondoleka. Ukimya huo usomwe kwa faida ya uhuru. Gummow na Kirby walifika palepale kwa njia zao, Kirby akitaka pia Katiba isomwe kwa mwanga wa sheria ya kimataifa, jambo lililomkera McHugh kiasi cha kulijibu kwa kurasa kadhaa.

Linganisha na London. Desemba mwaka huohuo, mahakama ya juu ya Uingereza ilikutana na wageni walioshukiwa ugaidi, wasioweza kurudishwa kwao kwa hofu ya mateso, nao wakizuiliwa bila kikomo. Majaji wanane kati ya tisa waliamua kwa faida yao. Uingereza nayo haina katiba ya maandishi, ila ilikuwa na Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998. Haikuwawezesha majaji kuifuta sheria ya Bunge. Iliwaruhusu tu kutamka kwamba haipatani na haki. Hiyo ilitosha kulilazimisha Bunge lirudi mezani.

Matokeo

Kwa mujibu wa hukumu, Bwana M angeweza kurudishwa kizuizini kesho yake. Haikutokea hivyo. Magazeti yalilivalia njuga suala lake, na baada ya wiki chache waziri wa uhamiaji, Amanda Vanstone, akampa yeye na wenzake wachache viza ya muda. Haikumruhusu kufanya kazi wala kusoma, wala kupata msaada wa serikali. Aliishi kwa hisani ya marafiki. Oktoba 2007 akapewa viza ya kudumu.

Kuna watakaosema: unaona, demokrasia imefanya kazi, waziri alisikia kelele za wananchi. Sikubali. Waziri alitumia hiari yake, na hiari hiyo haina rufaa. Mzuiliwa ambaye gazeti halikumwandika alibaki palepale.

Sheria ilisimama hivyo kwa miaka 19. Novemba 2023 Mahakama Kuu, safari hii kwa kauli moja, iliigeuza. Mwombaji alikuwa Mrohingya asiye na uraia, na alikuwa amekwisha kutumikia kifungo kwa kosa zito dhidi ya mtoto. Mahakama ilisema kumtenga mtu na jamii, peke yake, si lengo linalohalalisha serikali kumfungia; pasipo matarajio ya kweli ya kumwondoa katika kipindi kinachoonekana, kizuizi kinakuwa adhabu. Zaidi ya watu 140 wakafunguliwa. Bunge likapitisha sheria ya dharura ndani ya siku chache: vifaa vya kielektroniki vya kufungwa mguuni na amri ya kutotoka usiku. Novemba 2024 Mahakama ikavifuta navyo, majaji watano kwa wawili, kwa hoja ileile ya adhabu. Serikali ikatoa kanuni mpya kesho yake, na kabla mwezi haujaisha Bunge likapitisha sheria ya kuzilipa nchi nyingine ziwapokee watu hao.

Uchambuzi

Kilichomlinda mtu katika kisa hiki, pale alipolindwa, ni mgawanyo wa madaraka. Ni ulinzi wa kweli: mwaka 2023 ulifungua malango siku ileile, jambo ambalo tamko la Uingereza lisingeweza. Lakini tazama unavyofanya kazi. Unauliza nani aliyekufungia. Hauulizi mtu amefanyiwa nini. Kama Bunge lingeweka jaji wa kugonga muhuri kila baada ya miezi sita, hoja yote ingedhoofika, ingawa Bwana M angekuwa kwenye chumba kilekile.

Udhaifu wa pili ni namna mambo yalivyoning'inia kwa kura moja. Majaji saba walikuwa na sheria ileile, Katiba ileile na ukweli uleule wa mambo. Gleeson hakuhitaji hati ya haki ili kufika alikofika. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba bila hati ya haki mahakama haikuwa na la kufanya; zana zilikuwepo na watatu walizitumia. Ambacho hakikuwepo ni kitu cha kuwalazimisha wale wanne waeleze kwa nini uhuru wa mtu ushindwe. Katika mfumo wenye hati ya haki, serikali ndiyo hubeba mzigo wa kuonyesha kwamba hatua yake ni ya lazima na ya kiasi. Hapa mzigo ulikuwa kwa mzuiliwa, athibitishe kwamba Bunge halikukusudia kumfungia. McHugh mwenyewe aliliona hilo: mwaka 2005, akikaribia kustaafu, alitumia kesi hii hadharani kutetea haja ya hati ya haki.

Kuna jambo la Canberra ambalo hunichekesha kwa uchungu. Sheria ya Haki za Binadamu ya eneo la mji mkuu, ya kwanza ya aina yake Australia, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Mahakama Kuu iko katika mji huohuo. Wiki tano baadaye hukumu ikatoka, na sheria ile haikuwa na nguvu yoyote juu ya sheria ya shirikisho. Jimbo la Victoria lilifuata mwaka 2006 na la Queensland mwaka 2019, kwa udhaifu uleule. Kamati ya kitaifa iliyokusanya maoni mwaka 2009 ilipendekeza sheria ya nchi nzima; serikali ikakataa.

Hata hivyo tusiiabudu karatasi. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963 ikiwa na sura nzima ya haki katika katiba, na watu wakawekwa kizuizini bila kesi kwa miongo kadhaa, kwa kutumia milango iliyoachwa ndani ya sura hiyohiyo. Tanzania iliingiza haki katika Katiba mwaka 1984, lakini mtu hakuweza kuzidai mahakamani mpaka Machi 1988. Uingereza nayo, baada ya hukumu ya 2004, ililegeza kizuizi kwa kuweka amri za udhibiti, ambazo hazitofautiani sana na vifaa vya mguuni vya Australia. Hati ya haki haizuii Bunge lililodhamiria. Hubadilisha swali ambalo Bunge na serikali lazima walijibu, na hubadilisha muda: wageni wale wa London walisubiri karibu miaka mitatu, wakati hoja ya Bwana M ilikuja kushinda baada ya 19.

Kwa anayeshughulika na kesi za wazuiliwa, mahali pa kujifunzia ni ule uamuzi wa Aprili 2003 ambao Bwana M alishindwa. Mawakili walihakikisha jaji anaandika, kama jambo lililothibitishwa, kwamba hakuna matarajio ya kumwondoa. Bila sentensi hiyo Mahakama Kuu ingelikwepa swali kwa kusema ukweli wa mambo haujulikani. Mwaka 2023 mawakili walifanya vivyo hivyo: serikali ilikubali kwa maandishi kwamba tarehe 30 Mei 2023 mtu yule hakuwa na pa kupelekwa, na kesi ikabaki kuwa ya sheria tupu. Sentensi ya aina hiyo haipatikani siku ya kesi. Hutokana na ombi la mteja la kuondoka lenye tarehe, nakala ya kila barua iliyokwenda ubalozini, jibu au ukosefu wa jibu, na jina la ofisa aliyepokea. Mteja akiwa ndiyo kwanza amefika kituoni, jalada hilo lianze kufunguliwa.